Lengo la Taifa na Mihogo ya Lubondja

Vijana wa biro, juma lililopita mlinifanyia sherehe ya kuniaga kazini. Mlinipa kitenge, soda mbili na hotuba tatu, na katika hotuba zote tatu nilisikia habari za mtu nisiyemfahamu: mtaalamu asiyekosea, nguzo ya nishati ya Fizi nzima. Nilipiga makofi kama wengine, lakini moyoni nikasema, vijana hawa wakiiamini hadithi hii wamekwisha. Ndiyo maana nimekaa hapa nyumbani Baraka, daftari magotini, niwaandikie namna kazi ilivyokuwa kweli, na hasa namna nilivyokosea. Vyeo nitaviruka, kama vyenyewe vilivyoniruka mimi. Mshahara nao tuuache ulale, tusiuamshe.

Siku yangu ya kwanza nilifika biro ya nishati ya territoire, wilaya yetu ya Fizi, nikiwa na cheti cha ufundi kutoka Uvira na viatu vya dada yangu vilivyonibana. Nilitegemea kuona waya, mita na taa. Niliona meza moja, kabati lisilofungika, na mzee aliyekuwa akipuliza makaa ndani ya pasi ili anyooshe shati lake. Huyo alikuwa Papa Alimasi, mkuu wa biro na, kama nilivyogundua kabla ya saa sita, mfanyakazi wake wa pekee.

"Karibu, mwanangu," alisema. "Unatafuta courant?" Ndivyo tunavyouita umeme.

"Ndiyo, papa."

"Na siye tunaitafuta. Ikala." Akanionyesha pa kukaa.

Biro ya umeme haikuwa na umeme. Ripoti tuliziandika kwa mkono karibu na dirisha, na wingu la mvua likifunga tulisubiri lifunguke. Watu wa mjini wakanipa jina la Mama Courant kabla hata sijaolewa, na kwa kuwa courant yenyewe haikuwepo, jina lile lilikuwa nusu heshima, nusu kejeli. Nililipenda hivyo hivyo. Mpaka leo sokoni sijulikani kwa lingine.

Papa Alimasi alikuwa Mubembe wa Nundu, mwimba besi katika kwaya ya kanisa lake, na kazini alikuwa na amri moja tu: usiandike namba ambayo mguu wako haujaifikia. Ndiye aliyenifundisha kupima vijito. Unachagua sehemu iliyonyooka, unavuta kamba ya mita kumi ukingoni, unapima upana na kina kwa fimbo, kisha unatupa chungwa mwanzo wa kamba na kuhesabu sekunde mpaka lifike mwisho. Chungwa, siyo jani wala kijiti, kwa sababu chungwa huzama nusu na upepo haulisukumi. Saa yake ya mkononi ilikuwa na tabia ya kusimama bila taarifa, na ikisimama aliimba. Alijua ubeti mmoja wa wimbo wake huchukua sekunde ngapi, wala sikumwona akikosea kwa zaidi ya pumzi moja. Kazi ikiisha tulimenya chungwa tukagawana. Alisema hicho ndicho chombo pekee cha serikali kinacholiwa baada ya kazi. Vingine vyote huliwa kabla.

Hesabu yangu ya kwanza ya peke yangu ilikuwa Mboko. Nilitumwa kuhesabu pano, ndivyo tunavyoziita paneli za jua, ili mkoa ujue ni nyumba ngapi zimeanza kujiwashia taa zenyewe. Nilizunguka Mboko nzima nikitazama mapaa mpaka shingo ikauma. Nikaandika sifuri. Alasiri, nikisubiri gari kando ya barabara, nikamwona mama mmoja akikusanya ndagala, dagaa wa ziwani, alizoanika kwenye mkeka, na katikati ya ndagala akaokota pano, akaifuta magamba, akaiingiza nyumbani. Nikatazama mikeka mingine. Kila pano ya Mboko ilikuwa chini, imelala na samaki.

"Mama, juu ya nini hamuiweke juu ya nyumba?" nilimuuliza.

"Juu ya nyumba nani ataichunga? Hapa, mwenye anafukuza kuku kwa ndagala anachunga na pano. Kazi ni moja."

Gari lilipita nikaliacha. Nililala Mboko, na asubuhi nikarudia hesabu nikitazama chini. Baadhi ya watu walizifunika kwa kitenge waliponiona na kalamu, maana kalamu ya serikali kwa kawaida hufuatwa na kodi. Niliwabembeleza, nikacheka nao, nikala ndagala zao, wakafunua. Papa Alimasi aliposoma ripoti yangu alicheka kwa besi yake yote, akaniambia sasa ndiyo nimeanza kazi.

Barua ya malengo ilikuja miaka mingi baadaye, Papa Alimasi amekwisha kustaafu na kurudi Nundu kwenye shamba lake. Taifa lilitaka kutamka mbele ya watu wote kwamba, kufikia mwaka fulani, sehemu fulani ya umeme wetu itatoka kwa maji na jua, siyo kwa mazuti, mafuta ya jenereta. Wakubwa huuita nishati jadidifu. Watu wa Lubondja waliuita courant ya Mungu, kwa sababu ile ya mazuti ina mwenyewe, naye anakaa mjini.

Ninyi mlioingia juzi mnadhani lengo la taifa hutungwa Kinshasa na watu wenye tai. Tai zipo, nimeziona. Lakini lengo ni jumla tu. Kila mkoa huleta hesabu yake, kila territoire huleta ya kwake, na ya Fizi ilitoka kwenye daftari langu lililokwisha kulowa mara mbili. Tulitakiwa kuorodhesha vijito vinavyoweza kuzungusha mashine, na kuonyesha maji yake wakati wa kiangazi, yanapokuwa kidogo kabisa. Kijito kilichotosha kiliingia kwenye orodha. Kilichoingia kilihesabiwa katika lengo, na kilichohesabiwa ndicho kilichotafutiwa wajenzi. Kisichoingia, kwa macho ya serikali, hakikuwepo duniani.

Kijito nilichokitumainia kuliko vyote kilikuwa Mwelesi, juu ya Lubondja. Kinashuka kwa mwinuko mzuri karibu na zahanati, na katika zahanati ile alikuwepo mkunga aitwaye Marceline, mwanamke mnene, mwenye sauti ya upole, aliyezalisha wanawake huku ameshika tochi kwa meno. Sisimulii vya kuambiwa. Nimeziona alama za meno yake kwenye tochi ile.

"Mama Courant," aliniambia siku moja, "miye sitake mambo mingi. Nataka tu nikuwe na kinywa changu, nipate kumuambia muzazi asukume."

Maneno yale yaliniingia. Nilirudi Baraka nikiwa nimejiapiza kwamba Mwelesi itaingia kwenye lengo la taifa hata kama nitaipeleka Kinshasa kwa ndoo.

Basi nikapanda mlimani katikati ya kiangazi, siku ya Alhamisi, na chungwa langu mfukoni. Nilivuta kamba, nikapima mara tatu kama nilivyofundishwa. Chungwa lilikwama. Kijito kilikuwa kinanyata kati ya mawe, kina chake hakifiki kifundo cha mguu. Nililisukuma chungwa kwa kidole, likaenda hatua mbili, likakwama tena. Niliwaza tochi ya Marceline nikatamani kuongeza sifuri moja mwishoni mwa namba, ninawaambia wazi. Sikuongeza. Niliandika nilichokiona, nikapeleka Bukavu, makao ya mkoa, na orodha ya muda iliporudi, Mwelesi ilikuwa imepigwa mstari.

Niliona ni uoga kumpa Marceline habari ile kwa simu. Nikapanda pikipiki mpaka Lubondja, nimwambie uso kwa uso. Alinisikiliza, akakunja gauni lake la kazi polepole, akasema habari hii si ya kumwambia yeye peke yake. Akanipeleka kwa Mama Zabibu.

Mama Zabibu alikuwa mkuu wa wanawake wa mihogo: mwembamba, mkali, mwenye mikono inayonukia muhogo uliolowekwa, tena anajivunia harufu hiyo kama wengine wanavyojivunia marashi. Nilimweleza. Alikunja uso.

"Ati maji ya Mwelesi ni kidogo? Ulipima siku gani?"

"Siku ya ine, mama, Alhamisi. Katikati ya kiangazi."

"Ya ine!" Alipiga mapaja yake kwa viganja. "Bamama, mukuye musikie! Mama Courant alipima Mwelesi siku ya ine!"

Wanawake wakaja kutoka mashambani na majembe yao, wenyeji pamoja na wale Warundi waliokimbilia kwetu na kulima nao bega kwa bega. Wote walicheka. Nami nilisimama katikati yao na cheti changu cha Uvira, sijui kinachochekwa.

"Siku ya ine maji haikuwe hapa," Mama Zabibu akasema, akijifuta machozi. "Ilikuwa imeenda kulalisha mihogo. Weye mwanamuke muzima, unakula bugali kila siku, haujue mihogo inalalaka wapi?"

Sikujua. Mimi ni mtoto wa ziwa. Kwetu Baraka tulinunua unga sokoni, na jikoni alikaa dada yangu, mimi nikichezea nyaya. Walinishika mkono wakanipandisha hatua mia mbili hivi juu ya mahali nilipopimia, ambako nyasi zilikuwa ndefu kunipita. Nyuma ya nyasi kulikuwa na ukuta mdogo wa mawe, magogo ya migomba na udongo wa mfinyanzi, umeziba kijito barabara. Maji yote yaligeuzwa kushoto, yakapita kwenye vidimbwi vilivyopangana kushuka mteremko, kila kidimbwi na mwenyewe, kila kimoja kimejaa mihogo iliyomenywa na kukandamizwa kwa mawe, ilowe mpaka ilegee. Kutoka hapo maji yalishukia kwenye bustani za mboga upande wa pili wa kilima, hayakurudi kijitoni tena. Wakati wa masika kuna maji ya kutosha wote, hakuna anayefunga. Wakati wa kiangazi hufunga siku inayofuata soko, na hufungua Ijumaa, kesho yake ikiwa soko, kila juma, tangu bibi zao. Mimi nilikuwa nimepima kijito ambacho maji yake yako kazini.

Papa Alimasi alinifundisha kutembea juu na chini ya kijito kabla ya kufungua kamba. Lakini siku ile nilikuwa na haraka, nyasi zilikuwa ndefu, na nilikuwa mtaalamu.

"Tufungue?" Mama Zabibu akauliza. Siku ile walikuwa wamekaribia kufungua hata hivyo. Wanawake wanne waliingia majini, wakavuta magogo, ukuta ukalegea, na Mwelesi ikashuka. Jamani, ilishuka. Ilijaa kati ya mawe, ikavuma, ikanilowesha mpaka kiunoni. Nilisubiri itulie, nikarudi kwenye kamba yangu, nikatupa chungwa, na chungwa likapita kabla sijafika sekunde ya tano. Nilipiga kelele kama mtu ambaye timu yake imefunga bao. Nilipima mara sita, si tatu, na mara zote maji yalitosha na kubaki. Marceline alikaa juu ya jiwe, miguu majini, akicheka bila sauti, na mimi nilikuwa na furaha ambayo cheo chochote kisingenipa.

Furaha ile haikutuzuia kuona tatizo lililobaki. Mashine inataka maji siku zote saba, na mihogo pia inayataka. Nikawaeleza kwamba vidimbwi vitabidi vihamie chini ya mashine, wapokee maji yakishatoka. Wanawake wakatazamana.

"Ngoja kwanza," Mama Zabibu akasema. "Munatosha, munaondoa courant ndani ya maji. Maji yenye inabakia, itakuwa na nguvu ya kulegeza mihogo?"

"Ni maji ile ile, mama. Inasukuma tu mashini, inapita."

"Mutu akisukuma mashini kutwa, mangaribi anabakia na nguvu?"

Niliwahi kuulizwa maswali mengi na watu waliosoma, na machache yalikuwa mazuri kama lile. Nilieleza mwinuko, uzito na mwendo, nikachora mchangani, wakanisikiliza kwa adabu, na nikaona wazi kwamba hawaniamini. Mwishowe Mama Zabibu akatoa masharti: wao watahamisha vidimbwi, lakini mihogo isipolegea vizuri, mashine inafungwa na maji yanarudi kwao. Tukaliandika hilo. Nilitia saini nikijua naiweka wodi nzima ya wazazi juu ya mihogo ya mtu mwingine.

Ilibaki Bukavu. Orodha ya mkoa ilikuwa karibu kufungwa kupelekwa Kinshasa, nami nilipaswa kusimama mbele ya wenzangu wa territoire zote niseme nimekosea. Mama Zabibu alisema haniachi niende peke yangu. Tulipita Mboko na Uvira, tukapanda milima ya Ngomo, yeye amefumba macho kwenye kila kona na kunilaumu mimi kwa kila korongo.

Injinia wa mkoa alikuwa mdogo kuliko mimi, nadhifu, mwenye kalamu tatu mfukoni, wala hakuwa mtu mbaya. Akauliza nani alipima Mwelesi mara ya kwanza. Nikasema ni mimi. Na mara ya pili? Nikasema ni mimi.

"Mama," akasema, "kama hii ulikosea, zingine zote za Fizi nitaziamini namna gani? Afazali nitoshe zote, niziondoe ndani ya orodha."

Hilo ndilo nililokuwa nikiliogopa tangu Lubondja. Nilikuja kurudisha kijito kimoja, sasa naenda kuviua vyote, pamoja na vile alivyovipima Papa Alimasi kwa nyimbo. Niliweka madaftari yangu yote mezani, siku na saa za kila kipimo. Ndipo Mama Zabibu akasimama bila kupewa neno.

"Weye, ingénieur. Unakulaka bugali?"

"Ndiyo, mama."

"Mihogo inalala ndani ya maji siku ngapi?"

Injinia alimtazama jirani yake. Jirani akatazama dari. "Siku mbili?" akajaribu.

"Siku mbili! Utakula mawe!" Akageukia wengine. "Nani anajua? Munyoshe mukono." Hakuna mkono uliopanda. "Munaona? Wote munakula, hakuna mwenye anajua, na munamuhukumu Mama Courant peke yake. Yeye alau alirudia kuuliza."

Walicheka mpaka karatasi zikaanguka. Injinia naye alicheka, akijizuia na kushindwa, kisha akafikiri kidogo akasema hawezi kuandika kwa kucheka. Angekuja mwenyewe kuona, kabla orodha haijafungwa. Nikampenda kwa neno hilo, maana wengi wangetafuta njia fupi.

Alikuja Lubondja na chombo kipya kabisa cha kupimia mwendo wa maji, ndani ya sanduku lenye sifongo. Alipokifungua, betri ilikuwa imekufa, na pa kuichaji hapakuwepo. Ndiyo sababu sote tulikuwa pale. Nilitoa machungwa mawili, moja lake. Wanawake walimfungia maji aone, wakamfungulia aone. Aliteleza akakaa ndani ya kidimbwi cha Mama Zabibu, akanyanyuka ananukia kama unga wa juma zima, akapima, akapata namba yangu ile ile. Tukaenda kwenye vijito vingine viwili alivyovichagua yeye, na vyote vilikuwa kama madaftari yalivyosema. Nilimpigia simu Papa Alimasi kumsimulia. Alicheka mpaka chaji ya simu yake ikaisha.

Mstari ule ulio katika fomu yenu, unaotaka mwandike nani mwingine anatumia maji na siku zipi, ulizaliwa juma lile. Injinia aliuongeza kwa mkono. Mkiona umejaa maneno ya kiofisi, mjue kwamba maana yake ni moja tu: kwanza waulizeni akina mama.

Lengo la taifa lilipotangazwa, nilitafuta ukurasa wetu, na katika ukurasa wetu nikatafuta Mwelesi. Ilikuwepo, namba ndogo sana, ambayo mtu wa Kinshasa angeweza kuiacha bila jumla kubadilika. Niliisoma mara nyingi, kama msichana anayesoma barua ya mchumba. Mambo ya ujenzi sitayasimulia. Yalichukua muda ambao ujenzi huchukua kwetu, na saruji ilipotea mara mbili na kupatikana mara moja.

Siku ya kuwasha tulikusanyika asubuhi, na wakubwa walihutubia mpaka jua likawa utosini. Swichi ilipobonyezwa hakuna aliyeona kitu, maana jua la Lubondja halishindani na balbu. Watu walianza kunung'unika. Marceline akawaingiza wanawake wodini, wakaziba madirisha kwa vitenge, na vigelegele vilivyotoka mle ndani viliwafanya wakubwa waache viti vya mbele na kukimbilia mlangoni. Nilijipenyeza. Marceline alikuwa amesimama chini ya taa, mikono mitupu, mdomo wazi, anaimba. Nililia pale pale, mbele ya injinia na mbele ya msimamizi wa territoire, wala sikutafuta kitambaa.

Lakini kazi ilikuwa haijaisha. Ili Mwelesi ihesabiwe kwamba imetimia, na iingie katika lengo kama umeme wa kweli badala ya ahadi, fomu ilitaka saini ya watumiaji wa maji. Mama Zabibu alikataa kusaini. Alikuwa ameloweka mihogo yake asubuhi ile katika kidimbwi kipya, chini ya mashine, na alisema atasaini siku mihogo itakaposema.

Injinia angeweza kurudi Bukavu. Alibaki. Siku ya kwanza tulikwenda kutazama, Mama Zabibu akabonyeza muhogo kwa kidole gumba, akaurudisha. Siku ya pili akabonyeza, akanusa, akaurudisha, uso hausemi chochote. Nilimwona Marceline akipita wodini na kuzima taa mchana kweupe, akiitunza kana kwamba itaisha. Siku ya tatu mimi sikula. Nilijua fizikia yote, niliwahi kuichora mchangani, na bado nilikaa ukingoni nikiomba mihogo ilegee.

Siku ya nne alitoa muhogo, akaubonyeza, na gumba likazama mpaka kwenye kiungo. Akaupasua katikati. Ulikuwa mweupe, laini, unanuka vizuri. Akauponda kiganjani, akaupitisha kwa wanawake, mmoja baada ya mwingine, na kila mmoja akatikisa kichwa kukubali. Wa mwisho, mmoja wa wale Warundi, akasema muhogo wa mwaka jana haukulegea hivi.

"Lete karatasi," Mama Zabibu akasema.

Injinia alimpa fomu na kalamu. Kalamu aliikataa. Alibonyeza gumba lake penye nafasi ya saini, jinsi lilivyokuwa, limejaa muhogo, na likaacha alama nyeupe, nene, yenye mistari yote ya kidole chake, karibu na namba yetu ndogo. Injinia akatoa kitambaa safi mfukoni ili aifute kabla karatasi haijakwenda Kinshasa. Nilimshika mkono.

"Acha," nikamwambia. "Bale ba Kinshasa nabo bainuse."